Jinsi ya Kuumaliza Msitu wa Karura Bila Kuchoka

Kwanza, usiamke alfajiri. Wanaoingia Karura jua likichomoza wamekuja kukimbia, na hao huwawezi. Njoo umeshiba, umevaa raba za kupendeza kwenye picha. Zisiwe nyeupe tu. Udongo wa Nairobi hausamehe.

Pili, usijaribu kuuzunguka wote. Una zaidi ya hekta 1,000 na hakuna atakayekuuliza umefika pembe ngapi. Kodi baiskeli. Kila njia panda ina nguzo yenye namba, basi ikague ramani mapema, ukariri namba mbili tatu na kuzitaja kwa sauti mbele ya wenzako. Utaonekana mwenyeji.

Tatu, nenda moja kwa moja kwenye maporomoko. Maji yanaanguka kama mita 15. Sogea mpaka manyunyu yakulowanishe uso, ndipo upigwe picha. Nyumbani watadhani ni jasho.

Nne, mapango, kando ya mto huohuo wa maporomoko. Hapa ndugu yangu zima simu. Wapiganaji wa Mau Mau walijificha humu miaka ya 1950, na mji wa wakoloni ukiwa palepale jirani. Inama, ingia hatua chache, subiri macho yazoee giza. Shika mwamba uone ulivyo baridi. Sasa fikiria kulala hapo mvua ya Aprili ikinyesha, na moto huwezi kuwasha, moshi usije ukakuuza. Pengine popote kata njia, lakini si hapa.

Ukiona mbega juu ya miti, waambie watoto kwamba walihamishiwa humu kuanzia 2014. Watakuheshimu wiki nzima.

Mwisho, kaa kivulini usubiri wenzako. Watarudi wakijigamba kwa kilomita zao. Waache wamalize, kisha uwasimulie: Januari 1999, wakati ardhi ya msitu huu imegawiwa watu binafsi, mwanamazingira Wangari Maathai alikuja na wenzake kupanda mti langoni. Wakapigwa. Alipasuliwa kichwa, akaenda polisi, na taarifa yake akaitia sahihi kwa damu hiyohiyo. Ongea polepole, usiongeze chumvi, haihitaji. Halafu waulize wao, huko walikozunguka, wameona nini.