Barua kwa Mshirika Wetu wa Asilimia 3

Kwa Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Ushuru ya Kenya,
Times Tower, Nairobi.

Mheshimiwa,

MINT: KUKUKARIBISHA RASMI KATIKA BIASHARA YA MUGUKA

Sisi tunaonunua muguka kwa wakulima wa Mbeere na kuupeleka Pwani tumegundua kwamba tuna mshirika ambaye hatujawahi kumwonyesha hata shamba. Mshirika huyo ni wewe. Mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hukukatia asilimia 3 ya mauzo hayo, kila mwezi, ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hadi Juni 2023 ulikuwa unaridhika na asilimia 1. Hatuulizi hamu hiyo ilitoka wapi.

Tunachoomba ni uijue biashara yako. Muguka ni jani la kutafunwa, na jani halingoji mtu. Likichumwa Kiritiri leo, lazima pikapu ikeshe barabarani, kwa kuwa mteja wa Mombasa hanunui majani makavu. Tuseme mwenzetu ameuza ya shilingi 300,000 kwa mwezi. Wakulima, wachumaji, mafuta, sesi za kaunti na wale wapenda chai wa vizuizini wasiotoa risiti wamekula 290,000. Faida ni 10,000. Fungu lako ni 9,000. Anabaki na 1,000, na hapo SHA, bima ya afya, nayo inadai yake, isiyopungua 300.

Mei 2024, Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga muguka marufuku, mpaka Mahakama Kuu ya hapa Embu iliposimamisha amri za Mombasa na Kilifi. Mfanyabiashara aliyeutupa mzigo wake kwa bei ya hasara bado alikuwa ameuza, na aliyeuza anadaiwa. Katika mzigo mzima, asilimia 3 tu ndiyo isiyonyauka.

Najua utajibu kwamba tuna hiari. Ni kweli, sheria inamruhusu mtu akuandikie ajitoe, atozwe kwa faida badala ya mauzo. Ahsante sana. Ila mwenye kudai faida sharti athibitishe gharama, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wako wa ankara za kielektroniki, ni hadithi. Basi mtu aende kwa cucu, bibi mzee anayemuuzia muguka, amwombe ankara. Cucu atamkaribisha uji. Desemba 2024 mkalegeza kidogo: mnunuzi anaweza kumwandikia mkulima mdogo ankara yeye mwenyewe. Sasa inabidi tumwombe cucu PIN ya kodi. PIN aijuayo cucu ni ya M-Pesa, na wajukuu walishamwapisha asimtajie mtu yeyote, hasa anayejitambulisha kuwa ametumwa na serikali.

Wenye mabaa wa Kitengela ni wajanja kuliko sisi. Mwaka 2021 ilipoletwa kodi ya kima cha chini, asilimia 1 ya mauzo hata kwa aliyepata hasara, walikwenda mahakamani Machakos wakashinda. Ukakata rufaa, nayo Mahakama ya Rufani ikakugomea Desemba 2022. Miezi saba baadaye mfanyabiashara mdogo akapandishiwa yake hadi asilimia 3. Ikiwa 1 ilikuwa dhuluma kwao, pengine 3 kwetu ni heshima.

Kwa hiyo, mshirika, tumekutengea majukumu. Utashika zamu ya usiku pikapu ikielekea Pwani. Uje na koti, Mtito Andei kuna upepo. Vizuizini utajitambulisha wewe, kwa kuwa sisi tumeshazoeleka mno. Mzigo ukikwama, utabeba asilimia 3 ya hasara, na majani yako tutayafunga vizuri tuyalete Times Tower yakiwa yamekauka barabara. Kama masharti haya ni mazito, tupo tayari kukupunguzia: tutoze tulichobaki nacho, na hesabu ya cucu uikubali kwa neno lake.

Tunaomba majibu ifikapo tarehe 20. Ukichelewa, faini ni 1,000 kwa mwezi, kama unavyotutoza sisi tukichelewesha ritani, na haina rufaa.

Wako katika mauzo,
Mchuuzi wa muguka, Embu.