Tope Lenye Picha Safi

Kanuni za kupiga picha za viumbe vidogo chini ya maji zimetungwa na watu wenye maji maangavu. Tundu la lenzi hubanwa hadi f/16 au f/22 ili kiumbe kionekane vizuri, kasi huwekwa 1/200 ya sekunde, na ISO hubaki 100. Taa mbili za mweko hukaa pande zote za lenzi, zikigeuzwa nje kidogo, ili ukingo tu wa mwanga umfikie kiumbe. Zikimulika moja kwa moja, chembe zinazoelea hung'aa, na picha hutapakaa vitone kama unga uliomwagika.

Mto Kongo haujapata taarifa hiyo. Chembe zinazopaswa kukwepwa ndizo mandhari yenyewe. Mwenye taa mbili za bei ghali huibuka na picha safi kabisa ya tope. Mvuvi wa jamii ya Wagenia wa mto huo, asiye na lenzi wala taa, hutega vikapu kwenye miti iliyosimikwa katika maporomoko, kisha humtazama samaki mahali panapoonekana: juu ya maji.

Wataalamu wa samaki nao wamefuata njia hiyo. Samaki hai hutiwa katika tanki jembamba la kioo lenye maji safi. Taa humulika kutoka juu na ubavuni, kamwe si kutoka mbele, maana kioo hurudisha mweko. Hapo f/16 hufanya kazi yake.

Kanuni, basi, ni sahihi kabisa, mradi samaki atolewe mtoni kwanza.