Harufu Inayolala Kitanda Kimoja na Mgonjwa

Ugonjwa wa kukoma kupumua usingizini ni hali ambayo njia ya hewa ya mtu aliyelala, hasa nyuma ya koo, hulegea na kujiziba kwa muda usiopungua sekunde 10, kisha hufunguka kwa mkoromo mkubwa, na jambo hilo hujirudia usiku kucha pasipo mwenyewe kuwa na habari, ingawa nyumba nzima inazo. Madaktari huhesabu ni mara ngapi pumzi imekatika au kupungua kwa saa moja: kuanzia 5 ugonjwa ni mwepesi, kuanzia 15 ni wa kati, na kuanzia 30 ni mkali. Tiba yake iliyozoeleka ni mashine ndogo ya kukaa juu ya meza, ambayo huvuta hewa ya chumbani, huichuja, na kuisukuma kupitia mrija hadi kwenye barakoa iliyofungwa puani, kwa kanieneo ya sentimita 4 hadi 20 za maji, nguvu inayotosha kuliacha koo wazi hadi alfajiri. Vitabu vya maelekezo vinayaeleza haya yote kwa lugha kadhaa na kwa michoro ya watu wanaotabasamu usingizini. Kinachoelezwa kwa mistari miwili tu, na ambacho katika nyumba ya kata ya Ringwani, wilayani Serengeti, kingestahili sura nzima, ni harufu.

Haki inataka isemwe mapema kwamba mashine yenyewe haina tezi wala jasho. Profesa Colin Sullivan wa Chuo Kikuu cha Sydney, aliyemtibu mgonjwa wa kwanza kwa njia hii mwaka 1980 na kuitangaza tiba hiyo katika jarida la Lancet mwaka 1981, alianza na injini ya aina ya kifyonza vumbi, iliyowekwa isukume badala ya kunyonya, na barakoa iliyofinyangwa kwa umbo la pua ya kila mgonjwa kisha kubandikwa usoni kwa gundi ya silikoni kila jioni. Mtu anayebandikwa pua kwa gundi ana malalamiko mengine ya kutanguliza kabla hajaifikia harufu, na pengine ndiyo sababu suala hili lilichelewa kupata wataalamu.

Mashine, basi, haitengenezi harufu bali huipeleka. Kichujio chake kimewekwa kwa ajili ya vumbi na chavua, vitu vyenye umbo na ukubwa, ilhali harufu ni gesi, yaani molekuli zinazoelea hewani moja moja, nazo hupita kwenye kichujio cha kawaida bila kuulizwa kitambulisho. Zikishapita hukuta silikoni, ule mpira laini ambao barakoa hutengenezwa kwao, na silikoni ina tabia ya kuzinywa molekuli zenye asili ya mafuta na kukaa nazo. Tabia hiyo ni ya kuaminika kiasi kwamba watafiti wa afya ya mazingira huwavisha watu bangili za silikoni kwa siku kadhaa, kisha huzipeleka maabara ili kujua ni kemikali gani walikutana nazo walipokuwa katika shughuli zao. Kwa maneno mengine, mgonjwa aliyelala na barakoa amevaa puani chombo cha utafiti, na utafiti wenyewe unahusu nyumba yake.

Matokeo ya utafiti huo katika nyumba ya Ringwani si magumu kuyakisia. Jiko la kuni liko ukutani kwa chumba, au chumba kiko ukutani kwa jiko, kwa kuwa mjenzi hakuwahi kuulizwa kipi kinamtegemea mwenzake. Moshi wake una fenoli, kemikali zilezile zinazompa samaki wa kubanika ladha yake na zinazong'ang'ania nguo hadi kanisani. Kwenye kona kuna gunia la dagaa wa Musoma. Kuna udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa kabla ya kusagwa, chakula kinachoheshimika kote Kanda ya Ziwa na ambacho hakijawahi kumficha mtu kwamba kipo. Kuna ndama aliyeletwa ndani kwa sababu ya mvua, au kwa sababu ya wezi, na kuna mafuta ya kujipaka ya mwenye mashine mwenyewe, ambayo ndiyo huingia kwenye silikoni kwa urahisi kuliko vyote, ingawa hayatajwi kamwe katika orodha ya washukiwa. Mchana kutwa barakoa hunyonya haya yote kwa utulivu, na usiku huyarudisha kidogo kidogo kwa mgonjwa, ambaye ndipo huamka na kutangaza kwamba mashine imeharibika.

Hapo ndipo ushauri wa wazee unapoingia, na haupaswi kuchekwa haraka. Jamii nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki husafisha vibuyu vya maziwa kwa moshi au kaa la mti maalumu. Wakalenjin wa Kenya, kwa mfano, hutumia makaa ya mti wanaouita senetwet kwa ajili ya mursik, maziwa ya mgando yanayopendwa hata mijini. Moshi huua baadhi ya vijidudu, huyafanya maziwa yadumu na huyapa ladha. Bibi anayemwambia mkwewe, "Baba, leta hicho kifuniko chako nikifukize pamoja na kibuyu," anatoa hoja yenye mizizi ya kisayansi kuliko matangazo mengi ya bidhaa za usafi. Tatizo ni kwamba kibuyu hakivaliwi puani kwa saa nane, na mapafu si maziwa, hayahitaji kudumu kwa kugandishwa. Mkwe, kwa adabu, hushukuru na kusema kifuniko bado kimelowa.

Hali huwa ngumu zaidi mashine inapokuwa ya mtumba, na kwa bei ya mashine mpya, mtumba ndilo tumaini la wengi, hasa wenye shemeji ughaibuni. Mashine ya mtumba huja na historia. Aliyekuwa nayo huenda alivuta sigara, huenda alipenda manukato, huenda alilala na mbwa kitandani kama ilivyo desturi ya huko, na mashine huyahifadhi yote hayo katika mahali ambapo maji na sabuni havifiki: sponji iliyofungwa ndani ya mwili wake ili kuipunguza sauti ya feni. Barakoa na mrija hubadilishwa, tangi huoshwa, kichujio hutupwa, lakini sponji hubaki, na Mkurya aliyekua kando ya zizi hujikuta kila usiku akivuta marashi ya mstaafu wa Ulaya. Mkewe huuliza mara moja, kwa upole unaotisha, marashi hayo ni ya nani. Jibu la kwamba yanatoka ndani ya mashine ni la kweli kabisa, na ni gumu kabisa kuliamini.

Sponji hiyo si jambo la mzaha peke yake. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuziondoa kwenye matumizi mamilioni ya mashine zake duniani, baada ya kubainika kwamba sponji yake ya poliyurethani iliweza kumomonyoka, vipande vyake na gesi zake vikaingia kwenye hewa anayovuta mgonjwa. Joto na unyevunyevu vilitajwa kuwa vichochezi, pamoja na vifaa vya kusafishia kwa ozoni, ambayo ni aina kali ya oksijeni inayoua vijidudu na kujaribu kuua harufu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikuwa imekwisha kuonya mwaka 2020 kwamba vifaa vya namna hiyo havikuwa na idhini yake. Anayepokea mashine ya mtumba, kwa hiyo, hufanya vizuri kusoma namba yake na kuuliza kama imo katika orodha ya zilizoondolewa, kabla hajaanza kuuliza inanuka nini.

Ozoni haijaenea Ringwani, lakini dawa za kienyeji na za dukani zipo, na uchunguzi wake unaonyesha kanuni moja ya kusikitisha: kila dawa ya harufu ina harufu, na silikoni haibagui. Jiki huondoa dagaa na kuweka bwawa la kuogelea. Spiriti hukausha mpira mpaka unapasuka, nayo huifanya pumzi ya mwenye mashine ifanane na ya mtu aliyetoka klabuni, jambo linalofungua mjadala mwingine ndani ya nyumba. Udi hufukizwa na mtu aliyewahi kuishi Tanga, anayekumbuka ulivyotuliza vyumba vya huko, naye husahau kwamba udi ni moshi wenye cheo tu. Dawa ya mafua ya kuchua kifuani, ikipakwa ndani ya barakoa kwa nia njema, hukaa humo kupita mafua yenyewe, kupita masika, na pengine kupita barakoa. Siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji mengi ndiyo pekee ambayo baadhi ya watengenezaji huiruhusu, tena kwa tangi la maji ili kuondoa chokaa iliyoganda, na kwa sharti kwamba litasuuzwa sana baadaye.

Tangi hilo lahitaji maelezo. Mashine nyingi huwa na chombo kidogo cha maji yanayopashwa joto ili hewa isiyakaushe mapua, na watengenezaji huagiza yatumike maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa tena, yakaziacha chumvi zake nyuma. Ukiuliza katika mji wa Mugumu, wilayani humohumo, maji ya namna hiyo yanapatikana wapi, mtu mwenye moyo wa kusaidia atakuelekeza kwa fundi wa betri za magari, na hatakuwa amekosea, kwa kuwa maji ya betri mara nyingi ni maji yaliyokenekwa. Ila rafu iliyo na maji ya betri ndiyo pia yenye asidi ya betri, chupa zinafanana, na nyingine zimejazwa upya na kuandikwa kwa kalamu. Hapa ucheshi husimama kando kidogo: chupa isiyofungwa kiwandani na isiyokuwa na lebo kamili haipaswi kukaribia mashine ya kupumulia. Maji safi yaliyochemshwa na kupoa hufaa kwa muda, yakimwagwa kila asubuhi. Yakiachwa siku kadhaa, tangi huweza kuanza kutoa ile harufu ya udongo ulionyeshewa, ambayo hutokana na jeosmini, kemikali ya bakteria wa udongo ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa chembe chache katika trilioni. Mkulima ataifurahia harufu hiyo shambani mwezi Novemba, lakini ndani ya tangi ni taarifa ya kwamba kuna viumbe wamehamia.

Swali la nani hasa anayesikia harufu nalo lina utata wake. Pua huzoea: baada ya dakika chache ubongo huacha kuripoti harufu isiyobadilika, hivyo mwenye mashine hulalamika saa tatu usiku, husahau saa tatu na robo, na asubuhi husema imepona. Mkewe hana bahati hiyo. Barakoa ina matundu madogo ya kutolea pumzi iliyokwisha kutumika, na kupitia hapo hewa hutoka mfululizo, kiasi cha lita 20 hadi 50 kila dakika, ikielekea upande ambao mtu amegeukia. Mwenye mashine akiwa amekula kachumbari yenye vitunguu vingi, kachumbari hiyo hutolewa toleo la pili, kwa kanieneo iliyopangwa na daktari, usoni pa mke. Aidha, mdomo uliokauka usiku huwaneemesha bakteria wa ulimini, wanaotengeneza gesi za salfa, na barakoa nyingi zimesuguliwa bila hatia wakati kilichohitaji mswaki kilikuwa ulimi.

Kinachofaa ni kidogo na hakina mbwembwe: barakoa ioshwe kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, mrija na tangi kila wiki angalau, uso uoshwe kabla ya kulala na mafuta yasubiri asubuhi, kila kitu kikauke kivulini kwa kuwa jua kali huchakaza mpira, na mashine ihamishiwe chumba kilicho mbali na mafiga, hata ikibidi gunia la dagaa lipewe hadhi ndogo kuliko lilivyozoea. Kukausha mrija ndiko kwenye mtihani. Wenye umeme wa uhakika huiacha mashine ipulize hewa kavu kwa muda asubuhi, lakini uniti za LUKU zikiwa zimeisha usiku wa manane mrija hubaki na unyevu wake hadi mtu apatikane wa kutuma kununua nyingine. Ukianikwa kambani uani huvutia mbuzi, ambao huonja kwanza na kuuliza baadaye, na huvutia pia wapita njia, na mtu mwenye mrija mrefu wa kijivu kwenye kamba yake ya nguo huwa na mengi ya kuwaeleza sungusungu, ambao kwa miaka mingi waliutumia mkoromo wake kujua kwamba nyumba hiyo iko salama.

Harufu ya plastiki iliyoungua, au vumbi jeusi ndani ya mrija, haioshwi wala haifukizwi: ni sababu ya kuizima mashine na kuongea na daktari siku hiyohiyo kuhusu kupata nyingine, na kwa wagonjwa wa mbali Hospitali ya Rufaa ya Bugando jijini Mwanza ndiyo mlango mkubwa wa kanda. Katika kusubiri, wagonjwa wengine hunufaika kwa kulala ubavu, na madaktari wamewahi kupendekeza mpira mdogo ushonewe mgongoni mwa fulana ili anayegeuka chali aamshwe na mgongo wake mwenyewe. Kifaa hicho hakitumii umeme, maji wala kichujio, hakina harufu yoyote, na hudumu mpaka Jumamosi, watoto wanapokosa mpira wa kuchezea.