Lita Moja ya Shangazi

Kanuni za pombe na sigara kwenye meli za kitalii zilitungwa kwa ajili ya walevi na wavutaji, hilo silipingi. Ila katika safari yetu mtu wa kwanza kuitwa na walinzi kwa mashaka ya chupa na moshi alikuwa shangazi yangu, mama wa Kitanga wa swala tano, ambaye pombe anaijua kwa harufu ya wapita njia tu.

Tulipandia Galveston, bandari ya Texas iliyo mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Houston tunakoishi. Meli nyingi za pale huzunguka Ghuba ya Meksiko, zikafika Cozumel na bandari za jirani, kisha zikarudi palepale. Tulikuwa Shangazi, dada yangu, mumewe na mimi. Shemeji ndiye mnywaji pekee wa msafara, na ndiye aliyezisoma kanuni zote mapema, mstari kwa mstari, kwa bidii ambayo angeipeleka shuleni leo tungekuwa tunamwita profesa.

Kampuni nyingi humruhusu kila mtu mzima kupanda na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750, tena aibebe mkononi. Pombe kali hairuhusiwi hata tone. Wanachokilinda hapo ni mauzo ya baa, na sidhani kama kuna anayedanganyika kwamba ni maini ya abiria. Mizigo mikubwa unaikabidhi kwa wapagazi gatini, inapitishwa kwenye eksirei, na jioni unaikuta mlangoni mwa chumba chako. Begi langu lilikuja, la dada likaja, la shemeji likaja. Begi la Shangazi halikuja. Badala yake simu ya chumbani ikalia: mwenye begi ashuke ghorofa ya chini, aje na kitambulisho.

Huko chini tulikuta foleni ya watu walioinamisha macho. Juu ya meza zilipangwa pasi, birika za umeme, mishumaa, na chupa kadhaa za dawa ya kusukutulia mdomo. Dawa ilikuwa ya kijani kama ilivyo siku zote, lakini mlinzi akifungua kifuniko, vodka inawasalimia wote chumbani. Mzee mmoja mwenye kofia pana alikuwa akiapa kwamba fizi zake zinahitaji lita mbili kwa safari. Mlinzi alimsikiliza kwa adabu, akaandika jina, akaiweka chupa kando.

Zamu yetu ikafika. Ndani ya begi la Shangazi walitoa chetezo cha umeme, kikopo cha udi, pakiti ya ubani, na chupa ya soda isiyo na nembo iliyojaa maji meupe, imefungwa mfuko wa plastiki, juu ya mfuko ikazungushiwa kanga mbili. Kwa macho ya mlinzi, mtu anayeificha chupa kiasi hicho ana jambo. Akaifungua, akanusa. Akarudia kunusa. Yalikuwa marashi ya mawaridi.

Shangazi hakupendezwa kuona marashi yananuswa chupani, akamwambia anyooshe mkono. Mimi nikatafsiri. Kijana akanyoosha, na kabla sijaeleza kinachofuata Shangazi alikuwa ameshamimina kiganjani na kumrashia kijana wa watu mabegani, kifuani na utosini, kama mgeni aliyeingia ukumbi wa harusi. Foleni nzima ikatulia. Mwenye kofia pana akasogea nyuma hatua moja. Mlinzi akacheka mpaka akashika meza, akarudisha chupa kwa mikono miwili.

Chetezo hakikusamehewa. Kiliandikiwa stakabadhi, kwamba kitarudishwa asubuhi ya mwisho, na udi na ubani vikaingia kizuizini pamoja nacho. Shangazi akataka maelezo.

“Mwanangu, muulize huyu. Nimepishana huko juu na mwanamume anatoa moshi mdomoni na puani. Yule mmempa kiti, mmempa na upepo wa bahari. Udi wangu wa watu wenye heshima zao ndio mnaufunga?”

Jibu lipo, na si la kuchekesha. Machi 2006 meli iitwayo Star Princess ilikuwa njiani kutoka Grand Cayman kwenda Montego Bay, Jamaika, ilipowaka moto usiku wa manane. Moto ulianzia kwenye roshani ya chumba, ukaruka kutoka roshani hadi roshani ukiteketeza vyumba kwa makumi, na abiria mmoja akafariki. Wachunguzi waliona kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni kipande cha sigara kilichotupwa bila kuzimwa. Tangu hapo watu wa meli hawana utani na kitu kinachofuka. Kampuni nyingi zimekataza sigara vyumbani na kwenye roshani, na ukivutia ndani unakuta dola 250 au zaidi zimeongezwa kwenye bili yako. Wavutaji wamebakishiwa upande mmoja wa sitaha ya wazi, na katika baadhi ya meli pembe ya kasino. Kutupa kipande baharini ni marufuku, maana upepo unaweza kukirudisha roshani ya chini. Udi, ubani, mishumaa na shisha vimewekwa kundi moja. Nilimweleza Shangazi yote hayo. Akakubali habari ya moto, ila la kiti na upepo mpaka leo hajalisamehe.

Sasa twende kwa shemeji, maana alikuwa na mtihani wake. Melini unaweza kulipia vinywaji kwa mkupuo, kila siku kwa bei ambayo hupita dola 50, kisha unakunywa bila kutoa pesa tena. Baadhi ya kampuni huweka kikomo cha vinywaji vya kilevi 15 kwa siku, kana kwamba aliyefika kinywaji cha kumi na nne bado yuko salama. Mtego ni huu: mtu mzima mmoja akinunua mpango huo, kila mtu mzima wa chumba hicho lazima anunue. Wanaogopa glasi moja kuzunguka kitanda kizima. Kwa hiyo shemeji alilipa wawili, na wa pili ni dada yangu asiyegusa hata siki ya zabibu.

Dada aliapa kwamba pesa ile haitapotea. Asubuhi juisi ya nanasi, saa nne kahawa ya povu, mchana embe la barafu lenye mwavuli wa karatasi, alasiri nazi, usiku anarudia nanasi. Mumewe anakunywa polepole kwa starehe zake, yeye anakunywa kwa hasira. Mpaka tunafika Cozumel alikuwa anatembea kwa tahadhari, akijua vyoo vyote vya sitaha tatu.

Cozumel wachuuzi wa sigara kubwa za Kuba walituandama tangu gatini. Marekani ilizipiga marufuku kuingia nchini Septemba 2020, pamoja na pombe ya Kuba, hata kama ni za kujivutia mwenyewe. Shemeji, aliyesoma kanuni, aliwapita kifua mbele.

Kilichomshinda ni duka la melini. Meli ikiwa bandarini duka limefungwa kufuli. Ikishatoka maji ya nchi, taa zinawaka na kibao kinasema hakuna ushuru. Hapo watu wazima wenye akili zao hununua saa, manukato na wiski kwa kasi utadhani kesho yake wiski inapigwa marufuku duniani. Chupa hupewi. Inawekwa stoo, unaletewa chumbani jioni ya mwisho, ili usijinywee mwenyewe na kuinyima baa riziki.

Shemeji akaanza hesabu. Marekani humruhusu kila mtu mwenye miaka 21 na kuendelea kuingia na lita moja ya pombe bila ushuru wa forodha. Sisi watu wazima wanne, lita nne. Dada alimkatalia kwa macho tu. Mimi nilijifanya nimelala. Akabaki Shangazi.

Sijawahi kuona mkwe mnyenyekevu namna ile. Shikamoo zilianza alfajiri. Kiti alivutiwa, chai ililetwa, blanketi lilitandikwa miguuni. Hatimaye akasema, “Shangazi, wewe una lita yako, na huitumii. Ni haki yako inayopotea bure.”

Shangazi alimwangalia kwa huruma. “Baba, kwenye dini yetu mnywaji hakutajwa peke yake. Hata mbebaji yumo. Sasa mimi niende na lita yako mpaka wapi?”

Sheria ya nchi nayo ilikuwa upande wake. Lita ile sharti iwe ya mtu mwenyewe au zawadi anayopeleka. Kusema ni yako huku ni ya jirani ni uongo mbele ya ofisa. Shemeji akanunua lita mbili kwa jina lake, pamoja na katoni moja ya sigara aliyoagizwa na rafiki wa kazini, sigara 200 kamili, kiwango kisichozidi ruhusa. Akaamini kwamba chupa ya ziada tu ndiyo itakayomgharimu.

Galveston wakamsubiri wawili. Ofisa wa forodha alitoza chupa ya pili, dola chache. Baada yake kulikuwa na meza nyingine, ya jimbo la Texas, na jimbo hilo halijali forodha imesamehe nini: kila chupa ya pombe inayoingia kwa mguu hulipiwa kodi ya jimbo na ada juu yake, na kila pakiti ya sigara 20 ni dola 1.41. Pakiti kumi, dola 14.10. Shemeji alisema kwamba dukani kibao kiliandikwa hakuna ushuru. Akajibiwa kwamba hii si ushuru, ni kodi.

Shangazi alipita bila kulipa chochote, chetezo mkononi, akinukia.

Wiki iliyofuata shemeji alisimama kwenye duka la pombe mtaani kwetu Houston akiitazama wiski ileile. Ukijumlisha alicholipa melini, forodhani na kwa jimbo, ya mtaani ilikuwa rahisi zaidi. Msomaji, kama unapandia Galveston, kabla ya kuondoka pita duka la karibu na kwako, uziandike bei kwenye karatasi, uiweke pochini. Na udi uache nyumbani.