Kila Taa na Tundu Lake

Mwenye mashua hajawahi kuwa na kazi kubwa. Pita Msasani pale zinapofungwa kwenye maboya, muulize yeyote, atakwambia ana kijikazi tu. Tanga limechanika, kijikazi. Injini imegoma, kijikazi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinipigia simu kusema taa za ndani za mashua yake zinasumbuasumbua, kwa hiyo nipite na mita yangu mara moja. Katika ukoo wa mke wangu ni mimi peke yangu mwenye mita ya umeme, na mwenye mita huhesabiwa fundi, hata kama aliinunua kwa ajili ya betri ya gari lake.

Mashua yenyewe ni ya faiba, futi 32, imeundwa Uingereza miaka ya 1970, na imepita mikononi mwa wazungu kadhaa kabla wa mwisho hajamaliza mkataba wake wa kazi hapa Dar akaondoka. Alimwachia shemeji matanga matatu, deni la boya, na makopo ya skrubu za kila ukubwa isipokuwa ule unaohitajika. Tangu siku hiyo shemeji anataka kuitwa nahodha. Safari yake ndefu kabisa ni kwenda Mbudya na kurudi kabla ya magharibi.

Sasa, nyumbani taa isipowaka, balbu imeungua. Unabadilisha, unarudi kwenye kochi. Mashuani balbu ndiyo kitu cha mwisho kufa. Niliifungua taa ya kusomea iliyo kichwani mwa kitanda cha omo, shingo nimeikunja kwa sababu waliounda chumba kile waliamini binadamu hulala lakini hakai. Balbu nzima. Nikaigusisha kwenye betri moja kwa moja, ikawaka vizuri tu. Ugonjwa ulikuwa kwenye holda. Mle ndani kuna kispringi cha shaba kisichozidi punje ya mchele, na juu yake umelala unga wa kijani ambao hewa ya chumvi huuotesha kwenye shaba. Umeme wa volti 12 ni mpole. Ukikuta uchafu mdogo tu njiani, unasalimu amri.

Dawa yake ipo na haina gharama. Msasa laini, nusu ndimu, kisha maji baridi ya kusuuzia, maana ndimu ukiiacha mle itaendelea kula shaba baada ya kumaliza kutu. Kausha, paka grisi kidogo, rudisha. Taa ikawaka. Shemeji akapiga picha ya makalio yangu yakiwa yametokeza kwenye kitanda cha omo, akaituma kwenye grupu la familia: "Fundi yuko kazini."

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini taa ya pili ilikuwa na holda safi na swichi iliyoyeyuka. Hizi taa za zamani zimepachikiwa kiswichi kidogo ubavuni, hapo hapo inapokaa balbu ya halojeni inayochoma vidole, halafu plastiki ikae miaka yote hiyo isilainike? Ukitaka kiswichi peke yake hakuna. Hakijawahi kuuzwa peke yake. Aliyekibuni alikusudia kitu kife na kizikwe na taa yake.

Ya tatu ndiyo ilinionyesha waya. Nilikata ncha iliyooza, nikamenya gamba: nyuzi nyeusi tii. Nikakata tena, nikamenya: nyeusi. Shaba tupu ikikaa baharini, unyevu wenye chumvi hupenya katikati ya nyuzi na kutambaa chini ya gamba, kwa hiyo nje unaona waya mzuri na ndani kuna masizi. Ndiyo maana waya wa mashua wa kweli kila uzi wake hupakwa bati. Huu haukupakwa chochote. Nikawa nakata na kumenya, nakata na kumenya, waya unapanda darini nami napanda nao, mpaka shaba ikaanza kung'aa na waya haufiki tena kwenye taa. Aliyeutandaza aliupima ufike pale pale unapotakiwa, wala hakuacha hata upana wa kidole. Yeye alikuwa kiwandani, dari haijafungwa, anafanya kazi amesimama wima. Mjukuu wake wa kazi, yaani mimi, hakumjia akilini.

"Si uunge tu uzungushe tepu?" shemeji akasema.

Tepu! Wote waliotangulia walizungusha tepu. Kwa joto la Dar gundi yake huyeyuka, tepu ikafunguka yenyewe na kubaki inaning'inia, chini yake kiungo kiko uchi. Na kulehemu peke yake hakutoshi, kwa sababu mashua hutikisika usiku na mchana, na waya uliolehemiwa hukatika pale risasi inapoishia. Baraza la Marekani linalotunga viwango vya mashua, ABYC, kwa kawaida linakataza kiungo kishikiliwe na risasi pekee. Kinachotakiwa ni kiungio cha kubana kwa koleo lake maalumu, juu yake mpira unaosinyaa ukipashwa moto, wenye gundi ndani. Nilimweleza shemeji yote haya. Akaniuliza kama koleo hilo si lile lile la kung'olea misumari.

Kuhusu rangi za waya, kila mwenye mashua wa zamani aliacha sahihi yake. Mmoja alipenda nyekundu na nyeusi. Mwingine, nadhani aliwahi kukaa Marekani, alitumia njano kwa upande wa hasi, jambo ambalo kule ni la kawaida. Wa mwisho alitumia waya wa spika, rangi moja pande zote mbili, na taa ya meza ya ramani akaichukulia umeme kwenye taa ya jikoni kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Balbu za zamani hazikujali. Hasi na chanya ukizigeuza zinawaka vile vile. Taa za LED zinajali. Ukizigeuzia, nyingi zinanyamaza tu, nawe unarudi dukani kumgombeza muuzaji asiye na hatia.

Maana tulifikia uamuzi wa LED, na hapo shemeji alikuwa na haki, ingawa sikumwambia. Balbu moja ya halojeni ya wati 10 hunywa karibu ampea moja kwenye volti 12. Washa taa nane kwa saa tano, umemaliza ampea-saa 33 hivi, na betri ya risasi ya 100 haifai kushushwa chini ya nusu yake. Yaani mtu asome gazeti jioni mbili, asubuhi injini inaweza isiwake. LED ya wati 2 hula moja ya tano ya hapo. Hesabu haina ubishi. Ubishi ulikuwa Kariakoo.

"Nataka taa ya dari, ndogo, volti kumi na mbili."

"Ya sola, mzee wangu?"

"Ya mashua."

Akafikiri, akaingia nyuma, akatoka na taa nzuri inayong'aa ukingoni. "Hii hata ikinyeshewa inawaka." Nikaigeuza mgongo: volti 220 hadi 240. Nikamwonyesha. "Itawaka tu, mzee, LED haichagui." Duka la pili lilikuwa na balbu za sola za volti 12 kweli, ila za holda kubwa ya nyumbani, na ile ukiitundika kwenye dari ya mashua itagonga kila paji la uso litakalopita. Nilipata nafuu Ilala, kwenye spea za magari. Balbu za mashua za zamani ni ndugu wa balbu za breki: kitako cha kusukuma na kuzungusha, chenye vipini viwili ubavuni. Shida ni kwamba ziko ambazo vipini vyake vimelingana na ziko ambazo kimoja kiko juu ya mwenzake, na kwa macho ya haraka huoni tofauti mpaka balbu ikatae kuzunguka. Kijana wa pale hakuangalia. Alichukua balbu yangu ya zamani, akaipitishia dole gumba, akanyoosha mkono rafuni na kunipa yenyewe. Huyo ni fundi. Hana hata mita.

Lakini balbu ni za taa zilizopona. Kwa zile zilizokufa kabisa lazima taa mpya nzima, na hapa ndipo ninapotaka nisikilizwe. Ukiondoa taa ya zamani darini, inabaki duara. Ndani ya duara kuna tundu, na kando ya tundu matobo ya skrubu, na ndani ya duara dari ni nyeupe ya miaka ya 1970 wakati sehemu nyingine zote zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Duara la shemeji lina sentimita 14. Taa zinazouzwa leo zina 7, zina 11, zina 12. Nimepima kila kilichopitia mbele yangu. Aliyetengeneza ile ya 14 alichagua kipimo chake, na wote waliomfuata duniani wakaapa kutokigusa. Matobo ya skrubu nayo hayalingani kamwe. Yanakosana kwa milimita tatu, yaani karibu mno kutoboa mapya na mbali mno kutumia yale yale.

Ikabidi tuchongeshe pete za mbao. Tulikwenda Keko, kwa seremala anayejua kazi, akatuchongea pete za mvule zilizolainishwa vizuri, ungetamani kuzivaa. Tukazipeleka, zikakaa darini zikibembea. Dari ya mashua haijanyooka popote. Tukamleta mwenyewe kwa kimtumbwi, akiwa ameshika randa kifuani na macho ameyafumba. Akaiangalia dari, akaipapasa.

"Hii mbona imepinda?"

"Ni mashua, fundi."

"Si mngeinyoosha kwanza?"

Alizikwangua moja moja mpaka zikakaa, na skrubu zilizodondoka ziko kwenye ngama hadi leo.

Tukawasha. Shemeji alikuwa amenunua taa za mwanga mweupe kabisa, kelvini 6500, kwa sababu bei ilikuwa ile ile na alihisi anapata zaidi. Chumba kikawa kama bucha. Kila doa la mafuta jikoni, kila ufa kwenye vanishi, uso wa shemeji mwenyewe, vyote vikaonekana kwa namna ambayo haikukusudiwa. Mke wangu aliteremka ngazi, akatazama, akasema atasubiri nje. Zikabadilishwa kwa za kelvini 2700, mwanga wa manjano wa kistaarabu, na hizo nazo zikaleta la kwao.

Shemeji alikuwa anajaribu redio ya VHF. Kila nikiwasha taa ya jikoni, redio inakoroma. Nikizima, kimya. Akadhani namfanyia mzaha. Kumbe taa nyingi za LED zina kisakiti kinachokatakata umeme kwa kasi ili mwanga usibadilike hata betri inapochajiwa na volti kupanda hadi 14 na ushee, na kisakiti cha bei rahisi hutapika kelele kwenye masafa ya redio. Si jambo la kuchekesha. Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari juu ya hilo hilo, maana chaneli 16 ndiyo ya kuombea msaada, na ni aibu mtu azame kwa sababu alitaka kuona sufuria. Ukitaka kupima, weka redio kwenye chaneli tulivu, punguza kizuia-kelele hadi ianze kukoroma, kirudishe kidogo mpaka inyamaze tu, halafu washa taa moja moja. Ile ya jikoni ikarudi Kariakoo. Muuzaji aliniuliza: "Inawaka, haiwaki?" Nikamwambia inawaka. "Sasa?"

Ilibaki meza ya ramani. Hapo shemeji alitaka taa nyekundu, kwa kuwa amesoma kwamba jicho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe huliharibu mara moja, lakini mwekundu hafifu hauliharibu sana. Ni kweli. Manahodha wa usiku huhitaji hivyo. Nikamkumbusha kuhusu Mbudya na magharibi. Akasema nahodha hujiandaa.

Basi sasa jioni mashua imetulia kwenye boya lake, madirisha yote yanatoa mwanga mwekundu, na waliokaa ufukweni na vinywaji vyao wanaonyeshana vidole. Jumapili moja mama mkwe akaletwa kula. Akashuka ngazi kwa kushikwa mikono, akaketi, akaitazama ile taa kwa muda.

"Hapa mnauza nini?"

Shemeji akamweleza habari za jicho, na giza, na ramani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Baba, izime."

Nikabonyeza swichi. Ni mpya, ya juzi tu, lakini ilikwama pale pale kwenye kuwaka. Nikabonyeza tena, nikaigonga, kisha nikainama nikachomoa fyuzi, ambayo ni hiyo hiyo ya jikoni. Kutoka kwenye jiko mke wangu akauliza kwa sauti ya taratibu ni nani huyo aliyezima, maana yeye ana kisu mkononi.