Tondozi ya Bwana Kisirani

Wazee walimtungia tondozi simba, jemadari, hata ng'ombe mwenye pembe nzuri. Ni aibu yetu kwamba Bwana Kisirani bado hajatungiwa. Namsema yule mpenzi mkorofi wa riwaya za mapenzi za siku hizi, anayefoka, anayenuna kurasa sitini mfululizo na kukagua simu isiyo yake.

Kwanza, ni mchapakazi. Mwanamume mwema hana ajira katika riwaya. Anakutana na binti, anamsalimu, anauliza kwao, anatuma washenga. Ukurasa wa 12 watu wanakula pilau na hadithi imekwisha. Na msomaji alilipia kurasa 500! Bwana Kisirani anatukana ukurasa wa 40, anatoweka wa 90, anarudi na maua wa 130, na wa 131 keshamwonea wivu mhudumu aliyeleta chai.

Mtazame Edward wa Twilight, riwaya ya Stephenie Meyer ya mwaka 2005. Usiku baada ya usiku anajipenyeza chumbani kwa Bella, binti anayempenda, bila kualikwa, amtazame akilala. Mtaani kwetu mtu wa namna hiyo hupigiwa yowe la mwizi, au la mchawi, na mjumbe akaamshwa. Yeye anaambiwa ana mapenzi ya dhati. Katika kitabu cha tatu anaifanyia hila injini ya gari la Bella ili asiende kumwona rafiki yake. Ni fundi pia! Waume wangapi wanajua hata boneti inafunguliwa wapi?

Kisha akaja mrithi wake. E. L. James alianza kuandika hadithi kwa kuwaiga hao hao wa Twilight, na mwaka 2011 ikatoka kwa jina la Fifty Shades of Grey. Christian Grey, bilionea wa Seattle mwenye miaka 27, anamsaka mpenzi wake Anastasia kwa kufuatilia simu yake. Anauza gari la binti bila kumwuliza, anampa Audi, baadaye ananunua hata kampuni iliyomwajiri binti. Tena ana mkataba. Wakwe zetu huandikiana mahari tu. Yeye kaandika mpaka chakula atakachokula binti na saa atakazolala. Vitabu vitatu vya kisa hicho vimeuza nakala zaidi ya milioni 100. Unyenyekevu ungeuza ngapi?

Wenye inda husema siri ya Grey ni utajiri, yaani ile helikopta yake. Hebu tujaribu: mpe kondakta wa daladala tabia zile zile. Amfuate abiria hadi kazini, ajue alipokunywa soda jana, auze baiskeli ya binti wa watu halafu aje na karatasi ya kutia saini. Jioni hiyo yuko mahabusu, na hakuna wa kumpelekea hata uji. Tabia ni moja. Tofauti ni nauli.

Jingine la kusifiwa ni utunzaji wake wa kumbukumbu. Kila ukatili wake una risiti, na risiti hiyo ni utoto mgumu. Hata Ryle, daktari wa upasuaji wa ubongo katika riwaya ya It Ends with Us ya Colleen Hoover (2016), anayo yake, tena ya kuliza. Lakini mkewe Lily, asiye na shukrani, alipojifungua tu akadai talaka. Nilimsikitikia sana daktari. Januari 2023 ikatangazwa kwamba kitabu hicho cha mke kupigwa kitatolewa kitabu cha kupaka rangi, cha kujiburudisha. Wasomaji wakapiga kelele, kikafutwa. Watu hawapendi kuburudishwa.

Mpwa wangu ndiye aliyenifundisha haya yote. Juzi alikuwa sebuleni na riwaya yake, anaguna kwa raha, maana kijana wa kitabuni alikuwa amevunja mlango. Simu ikaita. Akasikiliza kidogo, akakata.

"Nani huyo?" nikamwuliza.

"Kijana mmoja tu, mjomba. Eti niko wapi, na niko na nani."

"Ukamjibuje?"

"Simjibu. Namfungia namba. Ana kisirani huyo," akasema, akanyonya mrija wa juisi yake, akatafuta ukurasa aliouacha.