Shule ya Meza ya Kulia: Shajara ya Wiki Moja

Jumatatu, tarehe 15

Shule imefunguliwa saa mbili na robo badala ya saa mbili kamili, kwa sababu darasa lilikuwa bado na vikombe vya chai. Waliohudhuria: wawili. Gredi ya Tano amekuja na kalamu. Gredi ya Pili amekuja na taulo. Wote ni wanangu, lakini mpaka saa saba mchana nawaita kwa madarasa yao, wasije wakamdai mwalimu biskuti kwa kisingizio cha damu.

Kwa asiyetujua: tunasomesha watoto nyumbani, hapa Bamburi, Mombasa. Hatukupanga. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, Gredi ya Tano alikuwa chekechea. Zilipofunguliwa wote warudi, Januari 2021, mama yao alisema tungoje muhula mmoja tuone. Muhula huo unaendelea.

Mtaala wetu ni wa Accelerated Christian Education, ulioanzia Texas mwaka 1970. Familia nyingi za Kenya zinazosomesha nyumbani zinautumia. Nyingine hufuata ule wa Cambridge. Wetu hauhitaji mwalimu wa kusimama ubaoni. Somo limegawanywa vijitabu 12 kwa mwaka, mtoto anasoma mwenyewe, anajisahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na hahami kijitabu mpaka apate asilimia 80 kwenye mtihani wake. Akikwama hapigi kelele. Anasimamisha kibendera mezani, mtu mzima anakuja. Ni mpango mzuri, mradi mtu mzima awe anaangalia bendera.

Mimi ni mhasibu. Nawatunzia hesabu wenye maduka kadhaa wa huku kwetu, na marejesho ya VAT mwisho wake ni tarehe 20 ya kila mwezi. Tarehe 20 ni Jumamosi hii.

Bendera za Gredi ya Pili leo asubuhi: maji ya kunywa. Choo. Paka yuko dirishani. Paka ameondoka. Daimu ni pesa gani, na je, mama wa mahamri anaipokea? (Hesabu za vijitabu ni za sarafu za Marekani.) Nimejibu zote isipokuwa za paka.

Jumanne

Saa nne amebisha mzee wa mtaa, na daftari kwapani.

"Nimeambiwa hapa kuna watoto."

Nikamwambia wapo. Akaomba kuwaona wakiwa katika hali ya kusoma. Nikamkaribisha darasani, ambako kwa wakati huo kulikuwa na Gredi ya Tano, fungu la mchicha ambalo halijachambuliwa, na risiti za duka la vipuri kuanzia Agosti. Gredi ya Pili alikuwa chini ya meza na kijitabu cha sayansi. Alikuwa anasoma. Sikutegemea mgeni yeyote aamini hilo.

Mzee aliketi, akatukumbusha kwa upole Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013: mzazi lazima amwandikishe mtoto shuleni na ahakikishe anahudhuria, asiyefanya hivyo bila sababu ya maana anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au afungwe kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Gredi ya Tano akauliza kama faini ni kwa kila mtoto au kwa jumla, akashika kalamu. Nikamwambia aendelee na sehemu zake.

Hapo ndipo kibendera kilipopanda kutoka chini ya meza. Gredi ya Pili alikitengeneza kwa kijiti cha aiskrimu na karatasi, akakipaka nyeusi, nyekundu na kijani, na ngao katikati. Mzee alisimama wima. Alifanya kazi serikalini miaka mingi, na miguu yake haikungoja kuuliza. Mimi pia nikasimama, kwa heshima ya mgeni. Tulikaa hivyo mpaka swali likatoka: "jellyfish" ni samaki?

Si samaki. Mzee ndiye aliyejibu. Alizaliwa Kilifi na aliwahi kuchomwa na kiwavi cha baharini. Ameelezea mpaka saa tano na nusu. Ameondoka bila kuandika kitu, ila ameuliza kama naweza kumsaidia mjukuu wake hesabu, siku za Jumamosi. Mjukuu anasoma shule ya kulipia.

Jumatano

Umeme hakuna. Maji hakuna. Wa mkokoteni amekuja na mitungi ya lita 20, na hesabu za leo zimefanyiwa mlangoni. Gredi ya Tano amepata jibu kabla ya muuzaji, naye amempunguzia shilingi kumi ili anyamaze.

Jioni jirani wa chini ameniuliza lile swali ambalo kila mtu huniuliza: hawa watoto watapata wapi marafiki? Tulikuwa tumesimama uani. Wangu walikuwa na mpira na hawakuwa na wa kucheza naye. Wake wanapitiwa na basi saa kumi na moja na nusu alfajiri, wanarudi magharibi inakaribia, wanakula, wanaingia kwenye kazi za ziada ambazo nusu yake hufanywa na mama mtu. Nimemwambia marafiki zao ni wanawe, tunawangojea.

Alhamisi

Mama yangu ameingia na basi kutoka Wundanyi, na mfuko wa maparachichi na kengele ya mkononi. Ni mwalimu mstaafu. Alifundisha mfumo wa zamani, akafundisha 8-4-4 ulipokuja 1985, na siku ya matokeo ya KCPE ya mwisho, mwaka 2023, alizima simu. Elimu ya nyumbani haipingi. Anasema tu hajaona mwalimu mkuu anayevaa msuli.

Kabla ya chai alikuwa amekwisha kagua vijitabu. Cha Kiingereza cha Gredi ya Tano kilikuwa kimesahihishwa chote, tiki nyekundu kila mstari, kazi ya dakika chache. Swali moja lilimtaka aeleze tabia ya nyanya yake kwa sentensi tatu. Alikuwa ameandika, kwa mwandiko safi kabisa, "Majibu yatatofautiana." Akajipa tiki.

Huo ni mwongozo wa majibu, umenakiliwa neno kwa neno. Nikaanza kueleza adhabu. Mama akavaa miwani, akasoma tena, akasema jibu ni sahihi, inategemea unamuuliza mkwe yupi.

Kengele imepigwa saa nne, saa tano na saa sita. Saa sita wapangaji wawili wamepiga simu kuuliza kama kuna moto.

Ijumaa

Familia zinazosomesha nyumbani tumekutana Fort Jesus. Watu wazima walikuwa wengi, kila mmoja na mpango wake wa somo. Nimewaeleza watoto kwamba Wareno walianza kujenga ngome mwaka 1593, na kwamba Waarabu wa Oman waliizingira kuanzia 1696 hadi wakaiteka 1698. Gredi ya Tano ameuliza waliozingirwa walikuwa wanakwenda choo wapi. Wazazi watatu wametoa majibu matatu.

Wakati tunabishana, Gredi ya Pili alipotea. Tumemkuta karibu na mizinga, kwenye mstari wa shule moja iliyokuja na mabasi mawili, yeye peke yake bila sare, ana mkate mkononi na juisi ya pakiti. Mwalimu wao alikuwa ameuliza ngome ilianza kujengwa lini, darasa zima kimya, yeye akainua mkono. Mwalimu alimpa peremende na alikuwa ameanza kumuuliza jina aliandike.

Kwenye matatu amesema ile ni shule nzuri, kuna chakula.

Jumamosi, tarehe 20

Mjukuu wa mzee wa mtaa amefika saa tatu. Saa tatu na nusu wamefika wenzake wawili. Hawana bendera, kwa hiyo wanapiga kelele. Mama amewakusanya wote watano sebuleni kwa kengele yake, akafundisha sehemu kwa maparachichi mpaka yakaisha. Mama watoto, ambaye wiki nzima hutoka alfajiri kwenda bandarini, amelala mpaka saa nne na hajamwomba mtu radhi.

Marejesho ya mwisho yametumwa saa tano na dakika arobaini usiku. Ya duka la vipuri yalichelewa kwa sababu risiti mbili zilikuwa na ngao.

Mama anarudi Wundanyi kesho. Kwa wazazi wanaonipigia simu kutaka kuanza: vitabu vinapatikana, na gharama yake si ya kutisha. Kinachokosekana ni mtu mzima asiye na kazi nyingine, saa mbili asubuhi hadi saa saba, siku tano. Mwenye naye wa kuazima, yeye ndiye anipigie.